Mashabiki wa Yusto



Neno la mwezi huu naomba mlisome mkiwa na Biblia mkononi. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, toka mstari wa 15 mpaka mwisho wa sura. Habari yenyewe ni fupi. Yuda amekwisha kufa na nafasi yake i wazi. Ndugu wapata mia na ishirini wamekusanyika Yerusalemu, naye Petro anasimama katikati yao ili apatikane mtu wa kuijaza nafasi ile. Nimeichagua habari hii kwa sababu ya swali ambalo kila mara huzuka upya katika vijiwe vya mji wetu, Tandika na Mbagala, Mwananyamala na Manzese, kwa kinyozi na ndani ya daladala: Kocha mpya awe nani?

Najua wapo watakaosema mambo ya mpira hayana mahali katika jarida la kanisa. Lakini Bwana wetu alitwaa mifano yake pale pale watu walipokuwa, shambani, ziwani, sokoni. Angepita Temeke jioni ya mechi kubwa, wakati makumi ya maelfu ya watu wanatoka Uwanja wa Benjamin Mkapa, sidhani kama angepita kimya.

Kwa wasiofuata mpira nieleze kidogo. Kati ya Novemba 2024 na Oktoba 2025 watu watano walikalia kiti cha ukocha pale Yanga. Miguel Gamondi wa Argentina aliachishwa kazi Novemba 2024, akaja Sead Ramovic. Februari 2025 Ramovic akaenda Algeria, akaja Miloud Hamdi. Msimu ulipokwisha Hamdi naye akaondoka, akaja Romain Folz wa Ufaransa. Na Oktoba 2025, timu ilipofungwa kule Malawi, Folz akaachishwa, akaja Pedro Gonçalves wa Ureno. Watani wao wa Msimbazi wasicheke sana. Fadlu Davids wa Afrika Kusini aliifikisha Simba katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwezi Mei 2025, na Septemba ya mwaka ule ule akaenda Morocco. Dimitar Pantev wa Bulgaria akaja Oktoba, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha ondoka. Nyuma yao yuko Mbrazili Roberto Oliveira, ambaye timu yake ilifungwa na Yanga mabao 5 kwa 1 tarehe 5 Novemba 2023, na wiki haikuisha akafungashiwa virago.

Mnaona basi kwamba swali la nani aje halipoi. Kabla ya chungu kuteremka jikoni, kingine kimeinjikwa.

Na mimi nina sababu nyingine ya kulisikiliza swali hili. Wachezaji na watangazaji wetu hawamwiti kocha "kocha" tu, humwita "mwalimu". Mwalimu amepanga kikosi, mwalimu amefanya mabadiliko. Mtu aliyeshika chaki miaka zaidi ya thelathini hawezi kulisikia jina hilo likitukanwa redioni asubuhi na mapema bila kutega sikio. Mwalimu anayepokea darasa katikati ya mwaka hupokea na maneno ya watoto: mwalimu wetu wa zamani hakufanya hivi, mwalimu wetu wa zamani alikuwa akitupa mazoezi machache. Na mtihani wa kwanza ukija, makosa ya miezi sita iliyopita huandikwa kwa jina lake.

Karibu na lango la kanisa letu kuna kijiwe cha bodaboda. Wawili katika vijana wale ni waimbaji wa kwaya yetu. Siku moja nikitoka Sala ya Jioni niliwakuta wanabishana mpaka mishipa ya shingo imesimama.

"Shikamoo, Bibi Mwalimu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnagombania nini?"

Mmoja alitaka aletwe kocha kutoka nchi za Waarabu wa Kaskazini, kwa maana huko ndiko vikombe vya Afrika vinakokwenda. Mwenzake alitaka mzawa, akasema tumechoka kulipa watu wa nje fedha nyingi waje kujifunza kazi kwetu. Wa tatu akasema mzawa hataheshimiwa na wachezaji. Niliwauliza: Huyo mnayemtaka, mnamtaka aje kufanya kazi gani? Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Aje kushinda, Bibi." Nikamwambia kushinda ni matokeo, mimi nimeuliza kazi. Je, aje kulea vijana wa timu ya pili? Aje kurekebisha ulinzi? Aje kutwaa ubingwa mwaka huu hata kama timu itakufa mwakani? Hapo ubishi uligeuka, maana kila mmoja alikuwa na jibu lake, na walikuwa wamebishana muda wote juu ya majina bila kujua kwamba hawatafuti mtu wa aina moja.

Sasa tazameni ilivyokuwa Yerusalemu. Petro hakuanza na jina. Alitaja kazi: atakayewekwa atakuwa shahidi wa kufufuka kwake Bwana pamoja nasi. Akataja na sifa, na sifa yenyewe mtu yeyote pale aliweza kuipima. Awe ni mtu aliyefuatana nasi wakati wote Bwana Yesu alipokuwa akiingia na kutoka kati yetu, tangu ubatizo wa Yohana hata siku aliyochukuliwa juu. Majina yalikuja mwisho. Katika chuo cha ualimu tulizoezwa vivyo hivyo katika kuandaa somo: unaandika kwanza lengo, ndipo utafute zana. Mkufunzi wetu alikuwa akilirudisha andalio lolote lililoanza na picha nzuri ya kubandika ubaoni.

Jambo jingine la Petro naomba lisitupite. Kabla ya kusema tutafute mwingine, alimtaja aliyeondoka. Na huyo alikuwa Yuda! Petro hakuficha uovu wake, lakini alisema pia kwamba mtu yule alihesabiwa pamoja nasi na alipata fungu katika huduma hii. Sisi kocha akipata kazi bora mahali pengine tunamwita msaliti, ingawa mkataba wake ni wa kazi kama wa fundi seremala. Akifukuzwa ndiyo kabisa. Hata mabao ya msimu uliopita tunasema yalikuwa ya bahati.

Wakaweka wawili. Wa kwanza Yusufu, aitwaye Barsaba, mwenye jina la pili Yusto. Wa pili Mathiya. Hebu fikirini maana ya sifa ile kwa watu hawa wawili. Wametembea na Bwana toka mwanzo. Wamelala njaa alipolala njaa, wamesikia mahubiri yale yale, wamekimbia usiku ule ule. Wala Injili zote nne hazitaji majina yao hata mara moja. Miaka yote ile walikuwa, kwa lugha ya vijana wetu, benchi. Hawakuwa na cheo, hawakuwa katika wale Kumi na Wawili, na hawakwenda nyumbani. Nafasi ilipopatikana, walioonekana wanafaa ni wale waliokuwapo bila nafasi.

Wakaomba, wakimwambia Bwana kwamba yeye ndiye ajuaye mioyo ya watu wote. Wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya, akahesabiwa pamoja na mitume kumi na mmoja. (Baada ya kushuka Roho Mtakatifu siku ya Pentekoste hatusomi tena kwamba mitume walipiga kura ya namna hii, kwa hiyo asije mtu akapendekeza kwamba Halmashauri ya Mtaa ichague mweka hazina kwa kurusha shilingi.)

Na Yusto je? Hapa ndipo moyo wangu ulipokaa mwezi huu mzima. Yusto maana yake ni mwenye haki. Alifaa kwa kila sifa iliyotajwa, aliletwa mbele ya watu wote, aliombewa mbele ya watu wote, na mbele ya watu wote hakupata. Biblia haimtaji tena. Yuko Yusto mwingine katika Matendo sura ya 18 na mwingine tena katika Waraka kwa Wakolosai, msiwachanganye na huyu. Hatuelezwi alisema nini jioni ile. Lakini kuna jambo tunaloweza kulisoma katika sura inayofuata: siku ya Pentekoste ilipotimia, walikuwako wote mahali pamoja. Wote. Katika ndugu mia na ishirini lazima walikuwapo waliomtaka Yusto. Walikuwapo waliomjua toka Galilaya, waliokula kwake, waliodhani ana sauti nzuri zaidi ya kuhubiri. Wala hatusikii habari ya kundi la Yusto. Hatusikii kwamba watu thelathini walikaa nyumbani kumngoja Mathiya akosee.

Nilipokuwa nayatafakari haya nilimkumbuka Juma Mgunda. Wapenzi wa mpira mnamfahamu. Septemba 2022 kocha wa Simba aliondoka ghafla, na Mgunda, aliyekuwa na Coastal Union ya Tanga, akaitwa aishike timu. Aliivusha ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akaletwa Mbrazili, naye Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Aprili 2024 kocha mwingine, Abdelhak Benchikha wa Algeria, akaondoka msimu haujaisha. Mgunda akaitwa tena, akaumaliza msimu, na Julai akaletwa Fadlu Davids. Mara mbili nyumba ilipowaka moto aliitwa yeye abebe ndoo. Sina uwezo wa kuhukumu kama alistahili kupewa kiti moja kwa moja. Hilo waliamue wanaojua mpira kuliko mimi. Nasema tu kwamba mtu aliyekubali kukaa kiti cha pili, akaitwa tena, akaenda tena, anastahili heshima ambayo vijiweni hatuitoi. Sisi humkumbuka wakati tunapotaka kumtumia kama fimbo ya kumpigia kocha aliyepo.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Siku ile kijiweni, yule mwimbaji wetu mkubwa, kijana mwenye moyo mwema na sauti ya besi tunayoitegemea, alisema neno hili juu ya kocha wa timu yake mwenyewe: "Mimi afadhali tufungwe hata mechi tatu mfululizo, ili huyu aondoke." Wenzake hawakushangaa, hata mmoja. Mimi nilishangaa. Mtu huyu anaipenda timu yake toka utotoni, ananunua jezi kabla ya kununua viatu, na sasa anaketi mbele ya televisheni akitamani timu hiyo ifungwe. Ametaka sana maoni yake juu ya kocha yawe ya kweli hata amekuwa adui wa kile alichokuwa akikipigania.

Ndugu zangu, ubishi wenyewe si dhambi. Ndugu kule Yerusalemu waliweka wawili, maana yake walipima na kulinganisha. Dhambi huingia pale ambapo mtu wangu hakupata, nami nikaanza kuhitaji aliyepata ashindwe. Toka siku hiyo kila pasi iliyopotea inanifurahisha. Nikisikia habari mbaya ya klabu natafuta mtu wa kumpigia simu.

Mji huu umekwisha kuona mwisho wa njia hiyo. Watu wa umri wangu wanakumbuka miaka ya katikati ya 1970, wakati Yanga ilipogawanyika katika mgogoro ambao kocha kutoka Zaire, Tambwe Leya, alikuwamo ndani yake. Watu wakaitana Yanga Raizoni na Yanga Kandambili, kwa majina ya viatu, walio nacho na wasio nacho. Mwaka 1976 waliotoka wakaunda Pan African, timu iliyokuja kutwaa ubingwa wa Bara mwaka 1982, kwa hiyo msidhani waliotoka hawakujua mpira. Walijua. Lakini majirani wa mlango kwa mlango katika mitaa ya Kariakoo na Ilala waliacha kusalimiana, na wengine walizikwa kabla hawajapatana.

Nayasema haya kwa sababu mtaa wetu hauna padre. Aliyekuwapo amehamishwa, barua ya Askofu tunaingoja, na tayari nasikia majina. Nayasikia nje baada ya Misa, nayasikia katika Umoja wa Mama, nimeyasikia hata msibani, tukiwa tumekalia mikeka. Tunataka kijana. Tunataka mtu mzima. Tunataka aliyesoma. Sisi Waanglikana wa Dar es Salaam tumetoka pande nyingi: wapo waliolelewa Masasi na Muheza na Zanzibar, ambao bila ubani na kengele wanaona kama hawakusali, wapo waliotoka Dodoma na Morogoro, ambao ubani huwakohoza na wanataka mahubiri marefu. Tunaposema tunataka padre wa namna fulani, mara nyingi tunataja nyumbani kwetu. Si vibaya kupenda ibada uliyolelewa nayo. Lakini sijasikia bado mtu akiuliza: Padre huyu anakuja kufanya kazi gani hapa? Vijana wa kipaimara ni wangapi na nani anawafundisha? Wagonjwa wa huko bondeni, ambako gari halifiki wakati wa masika, walipelekewa Sakramenti lini?

Na nimemsikia mmoja wetu, mtu ninayemheshimu, akisema kwamba akija fulani yeye ataacha kutoa ahadi yake mpaka aone. Mpaka aone nini? Huyo ametamka yale yale ya kijana wa kijiweni, kwa sauti ya chini tu na kwa suti.

Wakorintho walikuwa hivi. Huyu alijiita wa Paulo na yule wa Apolo, na Paulo akawajibu katika sura ya tatu ya Waraka wa Kwanza kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, na mwenye kukuza ni Mungu. Nikitaka kuwaeleza wajukuu zangu maneno hayo, huwauliza: ubingwa wa Yanga wa msimu wa 2024/25 ulikuwa wa kocha gani? Gamondi aliuanza, Ramovic akauchukua katikati, Hamdi akaumaliza. Hawana jibu. Kisha huwauliza juu ya Taifa Stars. Gamondi aliachishwa Yanga tarehe 15 Novemba 2024 kwa sababu timu ilifungwa na Azam na Tabora United, mechi mbili mfululizo, na maneno aliyosemewa vijiweni siyarudii hapa. Siku nne baadaye Taifa Stars, chini ya Hemed Suleiman wa kwetu, iliifunga Guinea na kufuzu kwenda fainali za Mataifa ya Afrika. Mwaka mmoja ukapita. Fainali zilipokaribia, Hemed akaondolewa, na timu akakabidhiwa kwa muda Gamondi yule yule. Kule Morocco, Taifa Stars ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Waliomfukuza kijiweni walishangilia mpaka usiku wa manane. Sasa nani alipanda, na nani alitia maji? Na Hemed, aliyelima shamba lile akamwachia mwingine siku ya mavuno, nani alimtajia jina siku ile?

Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662 kinamweka Mtakatifu Mathiya tarehe 24 Februari. Yusto hana siku yake katika kalenda hiyo. Mathiya mwenyewe, baada ya kuchaguliwa, hatajwi tena katika Agano Jipya, kwa hiyo hata wale waliokuwa wakimtaka yeye hawakupata cha kujivunia. Wote wawili waliingia katika kazi wakapotelea humo.

Barua ya Askofu ikija itasomwa kanisani kama kawaida, kabla ya matangazo. Atakayetajwa huenda asiwe mtu wangu wala mtu wako. Wakati huo nyumba atakayokaa inavuja upande wa jikoni, na bati mbili za barazani zilichukuliwa na upepo wa masika. Walinzi wa Kanisa wamekwisha nunua mabati. Jumamosi ya pili ya mwezi, saa mbili asubuhi, aje kila mwenye nyundo. Wa ubani na asiye wa ubani, wa Jangwani na wa Msimbazi. Vijana wa bodaboda wameahidi kubeba misumari na mbao bure, na mwimbaji wetu wa besi atapanda juu ya paa, kwa maana kazi yake ya siku nyingine ni upauaji. Umoja wa Mama tutapika uji na chai.